Kumpima Baba Mkwe Bila Futi

Jana nilikuwa nimeketi mbele ya nyumba yangu hapa Mulongwe, nachambua maharage, nikamwona kijana anapita. Ilikuwa saa saba mchana, na jua lilikuwa lile ambalo hata mbuzi wanalikimbia. Yeye alikuwa amevaa koti la wapanda milima, zipu imefungwa hadi kidevuni, kofia ya koti iko kichwani, na miguuni ana viatu vya kukanyagia theluji ambayo ukoo wake mzima haujawahi kuiona. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi shingoni. Nikamwita, nikamwuliza kama anaumwa malaria. Akacheka kwa adabu, akasema, "Apana Bibi, njo mode ya sasa."

Mode ya sasa! Nilicheka mpaka nusu ya maharage ikamwagika. Mtindo huo niliushona mimi, hapahapa Uvira, wakati wa vita, kabla mama yake kijana yule hajajua kujifunga kikwembe. Nimeupunguza mikono, nimeutoboa makwapa, nimeuunguza kwa pasi, na mara moja nimemvalisha mzee mmoja wa milima ya Lemera ili binti yake aweze kuolewa. Ndiyo maana nimeweka maharage pembeni. Nyinyi vijana mnaojifunza kushona mna cherehani za umeme na simu za kuwaonyesha mitindo ya dunia nzima, lakini hakuna simu itakayowaeleza koti la Mzee Kashindi. Nitalifikia. Msinikimbize, maana fundi hakati kitambaa kabla ya kukinyoosha.

Wakati ule mji wetu ulikuwa na tabia ya kukimbia na kurudi. Bunduki zikilia upande wa bandari ya Kalundu, tunapanda mlima. Zikilia mlimani, tunashuka ziwani. Wengine walivuka hadi Burundi, wakarudi, wakavuka tena. Waliopanda mlimani na kikwembe kimoja chembamba walijifunza kwamba baridi ya kule juu haina utani na mtu. Waliporudi mjini walikuwa wamevaa walichokipata: makabuti marefu ya wachungaji, mabuti ya mpira, kofia za sufu. Na hawakuyavua, kwa sababu hakuna aliyejua siku ya kukimbia tena, na hakuna anayependa kutafuta kiatu chini ya kitanda wakati risasi zinapita juu ya bati.

Hiyo ilikuwa sababu ya watu wazima. Sababu ya vijana ilikuwa wasichana. Wasichana waliona kwamba mvulana mwenye kabuti na mabuti anafanana na mtu aliyeona mambo, na basi, mambo yakaharibika. Hata aliyekimbilia chini ya meza ya mjomba wake na kuishia hapo alitafuta kabuti. Jumapili moja kanisani, katikati ya wimbo, mwimbaji wetu wa sauti nene alidondoka chini puu. Waumini wakaanza kunong'ona kwamba ameshukiwa na Roho. Nikamwendea, nikamfungua kabuti alilolifunga hadi kidevuni, nikampepea na kitabu cha nyimbo, akafumbua macho na kuomba maji.

Kisha mashua zikaanza kuleta mitumba tena, ile ambayo sisi tunaiita chagua. Mfanyabiashara mmoja alifungua robota lake mbele yetu akitarajia magauni ya kina mama, akakuta makoti ya milimani ya Wazungu, yale mepesi yanayopiga kelele ukitembea, ya kila rangi unayoijua na nyingine usizozijua. Alishika kichwa. Kabla ya jioni yalikuwa yamekwisha. Na kesho yake barazani kwangu palikuwa na mstari wa watu, kila mmoja na koti lake mkononi, mikono mirefu kama ya mtu wa hadithi, wote wanataka mimi, Mama Zawadi, niwapunguzie.

Hapa ndipo nilipokutana na aibu ya pasi. Aliyenifundisha kazi ni Papa Selemani, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamechoka lakini masikio yake yalitosha kwa watu wanne. Kila kitambaa kilichokuja alikisugua karibu na sikio kabla ya kukigusa na mkasi. Alikuwa amenionya kwamba kitambaa kinachoongea kama karatasi hakipigwi pasi. Mimi nilikuwa nimeshika cherehani muda mrefu, nikajiona nimefika. Koti la kwanza la mlima lilipokuja, la buluu, nilitaka kumfurahisha mteja, nikajaza makaa kwenye pasi, nikaipitisha kwenye mkono wa koti mara moja tu. Mkono ukatoweka. Uligandia chini ya pasi, ukatoa moshi mweusi, na mwenye koti amesimama hapo hapo ananitazama.

Papa Selemani akanyanyua pua kutoka kwenye kona yake. "Mama Zawadi," akasema, "unapika nini leo?"

Nilifanya kile ambacho fundi aliyebanwa hufanya. Nilikata na mkono wa pili, nikakunja pindo vizuri pande zote mbili, nikamvalisha mwenyewe na kumwambia kwamba sasa hewa itapita. Alitoka analalamika. Wiki iliyofuata watu wakaanza kuniletea makoti mazima wakiomba niyakate mikono kama la yule bwana. Papa Selemani alicheka mpaka akalala chini barazani, na mimi nikajifunza mambo mawili: kusikiliza kitambaa, na kutotubu haraka mbele ya mteja.

Vijana walitaka mifuko pia. Kulikuwa na zile fulana zisizo na mikono zenye mifuko mbele, nyuma na ubavuni, ambazo Wazungu huvaa wakivua samaki kwa kujifurahisha. Kijana mmoja wa mtaa wa Kimanga alivaa ya kwake siku tuliyopanda naye lori kwenda Luberizi kununua mchele. Njiani kulikuwa na barieri, kizuizi cha barabarani, na mwanajeshi wa hapo alikuwa na amri ya kupekua kila mfuko. Akafungua wa kwanza, karanga. Wa pili, kitana. Wa tatu hauna kitu. Wa nne una mfuko mwingine ndani. Lori zima tunangoja juani, kina mama wanamgombeza kijana, si mwanajeshi. Mwishowe mwanajeshi akachoka, akakaa juu ya jiwe, akamwambia, "Jipekuwe weye mwenyewe, ukimaliza unaniita."

Tangu siku ile mifuko yote niliyoweka ilikuwa ya pambo, mdomo umeshonwa. Niliacha mmoja wa kweli, ndani, chini ya kwapa la kushoto, wa kutosha kitambulisho na picha ya watoto. Na rangi za kijeshi sikuzigusa kabisa. Jirani yangu alipigwa karibu kufa kwa ajili ya suruali tu, suruali aliyoinunua sokoni kama mtu yeyote. Hilo bado linaniuma, na sitalifanyia mzaha. Aliyeniletea nguo ya majani-majani nilimrudishia kabla hajakaa.

Sasa tuje kwenye koti.

Jumaine alikuwa fundi wa baiskeli, kibanda chake kilitazamana na baraza langu. Alikuwa amependa binti anayeitwa Riziki, wa kijiji kimoja upande wa Lemera, na familia zilikuwa zimekubaliana. Mbuzi walikwisha kwenda. Blanketi na vikwembe vya mama mkwe vilikwisha kwenda. Kilichobaki ni kimoja, na nyinyi mnakijua: koti la baba mkwe. Huko kwao, na kwetu pia, mzee hatoi binti akiwa na koti la zamani. Siku ya kumtoa, koti linaletwa mbele ya watu, analivaa, anasimama, ndipo neno linatolewa. Na lazima limwenee. Kumwuliza vipimo ni kumtukana, maana yake humjui, humtazami, na mkwe asiyemtazama baba mkwe atamtazama binti yake?

Mzee Kashindi, baba yake Riziki, alitaka koti la heshima: jeusi, lenye ukosi wa kulala kifuani, lenye vifungo. Lakini mwaka ule Uvira nzima hapakuwa na kitambaa cha suti. Maduka yalikuwa yameporwa, barabara ya Bukavu imefungwa. Jumaine alijaribu kumtumia koti moja la mitumba, la buluu, zuri, na zipu yake. Lilirudishwa na ujumbe ambao mjumbe aliukariri neno kwa neno: "Miye niko mutu wa mulima. Munaniletea nguo ya mulima? Mulima niko nayo."

Na si hilo tu. Mapigano yalikuwa yanasogea kwenye bonde la Ruzizi, na mzee hakutaka binti mkubwa abaki mahali ambapo watu wenye bunduki wanapita. Alisema Jumamosi inayokuja ikipita bila koti, Riziki anavuka kwenda kwa shangazi yake Burundi. Mwaka ule aliyevuka hakujua kama atarudi. Jumaine alikuja barazani kwangu na uso wa mtu aliyefiwa, akakaa juu ya kigoda, akasema, "Mama Zawadi, miye nitafanya je?"

Nilimhurumia. Mimi ni mjane, najua mtu anapokosa mtu. Nikamwambia alete makoti mawili meusi ya mlima, yoyote, na kazi iliyobaki aniachie mimi.

Kwanza vipimo. Siku ya soko nilipanda lori hadi Bwegera, ambako Mzee Kashindi huteremka kuuza maharage. Nilimtambua haraka, maana Riziki alikuwa amemweleza Jumaine hata namna anavyosimama. Sikuchukua futi. Nilichukua mikono yangu. Mnajua tunavyosalimiana sisi, kichwa kwa kichwa, kulia, kushoto, kulia tena, na mikono imeshika mabega. Fundi mwenye akili hapati nafasi nzuri kuliko hiyo. Nikamwendea na tabasamu pana. "Mzee Kashindi! Siku mingi!"

Hakunijua hata kidogo. Lakini adabu ya watu wetu haimruhusu mtu kumwambia mwenzake kwamba hamjui. Macho yake yalikuwa yanatafuta uso wangu katika ndoa zote na matanga yote ya maisha yake, na mdomo wake unasema, "Ee mama, karibu, na batoto je?" Nikamwambia watoto wazima. Kichwa cha kwanza, nikapima mabega kwa shubiri. Kichwa cha pili, nikateremsha mkono hadi kwenye kifundo, urefu wa mkono nikaupata. Kichwa cha tatu, nikamzungushia mikono yote miwili kifuani na mgongoni, nikashika vidole vyangu mahali vilipokutana, nikatoa kidogo kwa ajili ya sweta mbili alizovaa. Hapo nikagundua jambo: bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, kwa miaka ya kubeba mizigo upande mmoja. Bila kulijua hilo, koti lingelala upande kama mlango uliovunjika bawaba.

Nilipomwachia, nikaona nyuma ya magunia mwanamke mrefu ameshika kikombe cha kupimia maharage, kimesimama hewani, kimejaa. Macho yamemtoka pima. Nikaaga, nikaondoka haraka nikirudia vipimo moyoni mpaka kwenye lori, watu wakadhani ninasali rozari.

Kushona lilikuwa jambo la furaha tupu, sitawaficha. Kofia za yale makoti mawili nilizifumua zikawa ukosi, ukalala kifuani kama wa mheshimiwa. Zipu niliificha chini ya ukanda wa mbele wenye vifungo. Vifungo vilitoka kwenye koti la marehemu mume wangu. Alikuwa mtu wa kupenda harusi, asingekataa. Bega la kushoto nililishusha. Bitana hatukuwa nayo, hivyo ndani pakabaki rangi yake ya asili, ya machungwa, inayong'aa hadi kuumiza macho. Nikasema, nani atamfungua mzee koti? Na kulinyoosha je, bila pasi? Papa Selemani akalisugua kwenye sikio lake, akasema, "Lilalie." Nikalilaza chini ya godoro na kulilalia, na asubuhi lilikuwa limenyooka kuliko mimi.

Jumamosi tukaenda. Na hapa inabidi mcheke pamoja nami. Sisi wa mjini, upande wa Jumaine, tulikuwa tumevaa kwa mtindo: makoti ya mvua, mabuti, kofia za sufu. Mimi mwenyewe nilivaa koti langu la rangi ya papai lililoiva, nililolichagua siku ya robota na kumnyima kila mtu. Tulitokwa jasho bonde zima. Tulipofika kijijini tukakuta watu wa mlimani wametungoja na suti za zamani, viatu vimepakwa mafuta, vikwembe vipya. Wao wamevaa kama mawaziri, sisi tumevaa kama wachungaji waliopotelewa na ng'ombe. Mzee mmoja alimwuliza Jumaine kwa upole kama tulikimbia vita njiani.

Vita ilikuwa imefupisha kila kitu, hivyo mambo yote yalikuwa ya siku ile ile: koti, chakula, na binti kuondoka nasi. Dereva wa lori alituachia barabarani, mwendo mfupi chini ya kijiji, na alisema wazi kwamba atapiga honi mara mbili. Ya pili anaondoka, kwa sababu barieri hufungwa mapema na hatakubali kulala bondeni.

Msemaji wetu akalifunua koti. Mzee Kashindi akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akajinyoosha. Nilikuwa nimeshika roho mkononi. Koti likamshika mabega yote mawili, la juu na la chini, likatelemka mgongoni bila hata mkunjo mmoja. Akatembea hatua chache, akageuka, akapapasa ukosi.

"Hii," akasema, "iko koti."

Wenzangu wakapiga makofi. Jumaine alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Ndipo mama yake Riziki akasimama, mrefu, polepole, na mimi nikamtambua: yule wa kikombe.

"Nani alishona hii koti?" akauliza.

Wote wakanionyesha kwa vidole. Hakuna haraka kama ya watu wanaokuonyesha kidole.

"Miye ninakujua," akasema. "Weye uko ule wa soko ya Bwegera." Akaenda, akaweka kiganja juu ya bega la kushoto la mumewe. "Hii bega iko chini. Ni miye tu njo ninajua ile, na Mungu. Weye ulijuwa je?"

Mzee Kashindi, maskini, akajitetea kwamba huyu mama hamjui hata jina. Mkewe akageuka. "Haumujuwe? Na ulimuuliza batoto bake!"

Ndugu zangu, mtu anaweza kuponzwa na adabu yake mwenyewe. Na mke wake akasema neno ambalo lilimfanya Jumaine akae chini kwenye vumbi na nguo zake nzuri: Riziki hatoki pale siku ile mpaka yeye ajue ukweli, na asipoujua, Burundi haijahama. Riziki alikuwa mlangoni, mzigo wake umefungwa. Nilimwona anashika fremu ya mlango. Na chini barabarani, dereva akapiga honi ya kwanza.

Ningeeleza kwa maneno, lakini maneno ya mjane aliyekumbatia mume wa mtu sokoni yana thamani gani? Nikainuka, nikamwendea, nikamwambia, "Mama, uniache nikusalimie." Alikataa kwa macho lakini kichwa chake, kwa mazoea ya maisha yote, kikaja chenyewe. Kulia. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: mabega, shubiri mbili kasoro vidole. Kushoto. Mkono wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto, huu ndio wa jembe. Kulia tena, nikamzungushia mikono, nikasema, "Na hapa nyonga ya kushoto imetoka kidogo. Batoto bako bote ulibabeba upande hii."

Alinitazama. Akajishika nyonga ya kushoto. Kisha shangazi mmoja kutoka nyuma akasema, "Na miye?" Nikamsalimia, nikamtajia vipimo vyake. Akaja wa pili. Wakapanga mstari, akina mama wale wenye heshima zao, kila mmoja anatoa kichwa, nami natangaza vipimo, na uwanja mzima unaangua kicheko kila ninapofika kiunoni. Kaka yake Mzee Kashindi naye akajongea apimwe, mkewe akamvuta kwa shati akamrudisha.

Nikadhani tumepona. Lakini mama yake Riziki hakuwa amecheka.

"Vizuri," akasema. "Umenipima. Sasa koti yangu iko wapi?"

Watu wakacheka, yeye akangoja wamalize. Msemaji wetu akaeleza kwamba desturi ni blanketi na vikwembe kwa mama, koti ni la baba. Akamsikiliza vizuri hadi mwisho. Kisha akasema, na hakupaza sauti, "Nani alibeba ule mutoto kwa mugongo? Hii mama amesema sasa hivi, aliisoma kwa nyonga yangu. Miye ninabeba, na koti inaenda kwa bwana."

Hakuna aliyecheka tena. Mimi nilijua anasema kweli, na nilijua hatuna koti lingine, na dereva yule hakuwa mtu wa maneno matupu. Kisha nikakumbuka nimevaa nini. Nikavuta zipu. Sitasema uongo kwamba sikuumia. Koti lile nililipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Nikamvalisha juu ya vikwembe vyake vipya. Mikono ilimfupia, nikaikunja, nikamwambia ndiyo mtindo. Akajitazama, rangi ya papai kutoka shingoni hadi mapajani. Akavuta kofia ya koti juu ya kilemba chake, akafunga zipu hadi kidevuni, kama kijana yeyote wa Mulongwe. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mumuchukue," akasema.

Vigelegele havikuwa vimeisha mbingu ikafunguka. Mnaijua mvua ya kule juu, haibishi hodi. Watu wote wakakimbilia chini ya paa. Sasa, desturi ni kwamba binti husindikizwa na shangazi zake hadi barabarani, na wazazi hubaki ndani, hawatazami. Lakini shangazi walikuwa na nywele zilizosukwa kwa ajili ya siku ile na vikwembe vinavyochuja rangi. Walitazama mvua, wakatazamana. Honi ya pili ikalia, ndefu. Riziki akaanza kulia, Jumaine akatoka mvuani na mzigo kichwani akiniuliza kwa macho tufanye nini.

Mzee Kashindi akatoka nje. Maji yaliteleza juu ya koti lake na kudondoka chini, hakuna tone lililoingia. Akalitazama kama mtu anayeona muujiza mdogo. Akafungua vifungo vilevile vya marehemu wangu, akatandaza upande mmoja wa koti, ile rangi ya machungwa ikawaka katikati ya mvua, na akamwita binti yake kwa neno moja tu, "Kuya."

Riziki akaingia chini ya koti la baba yake. Mama akaja upande wa pili na kofia yake kichwani, akamshika mkono. Wakateremka njia ile ya utelezi, watatu pamoja, na shangazi wakipiga vigelegele kutoka chini ya paa kwa wazazi waliovunja desturi mbele ya macho yao. Sisi tulifuata nyuma tukikimbia. Mimi nilikuwa na blauzi tu, meno yananigongana, mabuti yamejaa maji, na ninacheka peke yangu kama mwenda wazimu. Jumaine alianguka mara moja na mzigo, akainuka akiwa na tope hadi kwenye nyusi, akaendelea.

Dereva alikuwa ameshawasha gari. Alipowaona wale wawili wanatoka mvuani, mmoja na koti jeusi, mmoja na la rangi ya papai, na bibi harusi katikati yao, mkavu kabisa, akazima injini akangoja. Mzee akampandisha binti yake nyuma ya lori kwa mikono yake mwenyewe. Hawakurudi nyumbani mara moja. Tuliondoka tukiwaacha wamesimama barabarani, mvua inawanyeshea, hawana haraka ya kwenda popote.

Riziki aliwatazama mpaka kona ilipowaficha. Kisha akaniegemea, akaniambia sikioni kwamba tangu alipokuwa mtoto mdogo baba yake hakuwahi kumshika namna ile. Nilikuwa sina koti la kumfunika, nikamfunika na kikwembe changu kilicholowa, kikamlowesha na yeye. Tukaanza kucheka, tukalia, tukacheka tena, hadi Bwegera.